Kabla Kitabu Hakijafika

 

Ndugu msomaji, kwa muda wa miezi miwili nimeulizwa na watu mbali mbali juu ya kitabu ambacho bado hakijatoka. Kimetangazwa huko Ulaya kuwa kitachapishwa, nacho kitakusanya ngano na hekaya za mataifa ya kale zenye khabari za wanaume waliowapenda wanaume wenzao, na wanawake waliowapenda wanawake wenzao, na watu ambao hawakubainika upande wa uume wala wa uke. Imesemwa pia kuwa humo mna mlango mzima unaotuhusu sisi Waislamu, nao ni mlango wa Abunuwasi na Alfu Lela Ulela. Mzee mmoja tunayesali naye ameniuliza, "Sheikh, huu si uzushi wa kututia aibu?" Mama mmoja mwenye watoto wa sekondari ameniuliza kuwa mwanawe akikileta kitabu hicho nyumbani, je, akitupe? Na kijana mmoja aliyepata kusoma kwangu aliningojea mpaka watu wakatoka msikitini, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Maalim, yatakayoandikwa ni kweli?"

Kitabu sijakisoma, wala hapana aliyekisoma kati ya hao wanaokizungumza. Kukihukumu kitabu kabla ya kukiona si kazi ya mwenye ilimu. Lakini mambo yatakayozungumzwa ndani yake si mageni kwa mtu aliyesoma vitabu vyetu vya Kiarabu, na hayo naweza kuyasema tangu sasa. Nitaanza na suali la kijana kwa sababu ndilo gumu zaidi, na masuali mengine yatajibika humo humo.

Hapana mtoto wa pwani wa rika langu, kuanzia Lamu mpaka Kilwa na visiwani kote, asiyemjua Abunuwasi. Mimi nalimjua kwa bibi yangu kabla sijajua alifu na be. Abunuwasi ndiye aliyeazima sufuria kwa jirani, akairejesha na kisufuria kidogo ndani yake, akasema kuwa imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Mara ya pili hakuirejesha, na alipodaiwa akasema kuwa sufuria imekufa. Aliyekubali kuwa sufuria huzaa atakataaje kuwa hufa? Ndiye aliyemtetea masikini aliyedaiwa thamani ya harufu ya nyama ya tajiri, akailipa harufu kwa mlio wa fedha. Katika hekaya hizo yeye ni mtu wa wanyonge, mwenye ulimi mwepesi mbele ya Harun Rashid. Wasomali wanamsimulia, Waindonesia wana Abu Nawas wao, na W. H. Ingrams, Mwingereza aliyekuwa na kazi ya serikali Zanzibar katika miaka ya 1920, aliandika kitabu kizima juu ya Abu Nuwas wa maisha na Abu Nuwas wa hekaya, kikachapwa Mauritius mwaka 1933.

Huyo ni Abunuwasi wa mabibi zetu. Abu Nuwas wa taarikhi ni mtu mwengine, ingawa jina ni moja. Jina lake khasa ni Al-Hasan bin Hani. Alizaliwa Ahwaz, katika nchi ya Waajemi, katikati ya karne ya 8 ya miladi, na mama yake alikuwa Mwajemi. Alilelewa Basra, akahifadhi Qur'ani, akasoma hadithi na lugha kwa mabingwa wa zama zake, mmojawapo Khalaf al-Ahmar. Kisha akahamia Baghdad, akakaa Misri kwa muda, akarudi akawa mtu wa karibu wa Al-Amin mwana wa Harun Rashid, aliyetawala tangu 809 mpaka 813. Akafariki kiasi cha mwaka 814. Hata hilo la Abu Nuwas ni lakabu tu, wamesema kuwa aliitwa hivyo kwa ajili ya nywele zake zilizokuwa zikining'inia.

Mashairi yake ni katika mashairi fasaha kabisa ya lugha ya Kiarabu. Katika hayo aliusifu ulevi, alisifu mawindo, aliwasifu wanawake, na aliwasifu vijana wa kiume kwa maneno ya mapenzi yasiyofichika. Na humo humo mna mashairi ya zuhdi na toba ambayo mwenye moyo hayasomi macho yake yakabaki makavu. Kwa hiyo, mwanangu uliyeniuliza kwa sauti ndogo, jawabu ni hili: ndiyo, katika hayo mna kweli. Mwenye kukwambia kuwa Abu Nuwas hakuyasema, basi ama hakumsoma ama anakuficha.

Na ewe mzee wangu, jambo hili si la Wazungu kutufichulia sisi. Waliolihifadhi ni wanavyuoni wetu wenyewe. Diwani ya Abu Nuwas ilikusanywa katika karne ya 10 na watu kama As-Suli na Hamza al-Isfahani, na Hamza aliipanga kwa milango: mashairi ya ulevi pahala pake, ya mawindo pahala pake, ya wanawake, ya wanaume, ya zuhdi, kila moja pahala pake. Ibn Mandhur, aliyetutungia Lisanul Arab, kamusi ambayo kila mwanachuoni huirudia, aliandika kitabu juu ya khabari za Abu Nuwas. Hawa walikuwa watu wanaosali na kufunga. Hawakuyaandika kwa kuyapenda maasi, waliyaandika kwa kuwa ilimu ni amana, na mwenye amana haruhusiwi kuipunguza kwa kuwa baadhi yake haimpendezi.

Khofu imekuja baadaye. Mwezi wa Januari mwaka 2001 Wizara ya Utamaduni ya Misri iliteketeza nakala zipatazo 6,000 za vitabu vya mashairi ya Abu Nuwas. Nalisoma khabari hiyo nikajiuliza: waliohifadhi kwa miaka elfu walikuwa na imani pungufu kuliko waliochoma? Na huyo aliyechomewa ndiye yule yule ambaye mashairi yake ya toba tunayasikia kwenye kaswida na mawaidha, na wengi wanaoyasikiliza hawajui ni ya nani.

Wafasiri wa Kizungu nao walishindwa na amana hii, kila mmoja kwa upande wake. Edward Lane, aliyekaa Cairo akaijua vizuri, alianza kuitoa tafsiri yake ya Kiingereza ya Alfu Lela Ulela mwaka 1838. Kila alichoona hakifai kusomwa mbele ya familia za Waingereza alikikata. Richard Burton, ambaye alipata kufika Unguja mwisho wa mwaka 1856, alitoa ya kwake mwaka 1885, naye akafanya kinyume. Alirundika maelezo ya mambo hayo, na mwisho akaandika insha ndefu akidai kuwa uko ukanda wa dunia ambao hali ya nchi yake ndiyo inayowaelekeza watu huko, na nchi nyingi za Waislamu akazitia ndani ya ukanda huo. Mmoja alipunguza na mmoja alizidisha. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima yenye onyo kwa wenye kupunja vipimo, na wala usidhani kuwa vipimo ni vya mchele na nguo peke yake.

Kwa hivyo kitabu hicho kikifika, mimi nitakipima kwa mambo matatu.

Kwanza, nitatazama kama mwandishi anapambanua baina ya hekaya na yaliyotokea. Chukua kisa cha Bibi Budur katika Alfu Lela Ulela. Alipotengana na mumewe Kamaruzzamani safarini, alivaa nguo za mumewe na kujiita kwa jina la mumewe. Akafika nchi ya watu, na mfalme wa nchi ile akamwoza binti yake Hayatun Nufus na kumpa ufalme. Binti alipoijua siri aliificha, wakaishi hivyo mpaka mume akapatikana. Mwandishi akisema kuwa kisa hiki kinaonyesha namna wasikilizaji wa kale walivyopenda kucheza na fikra ya mwanamke aliyevaa mavazi ya mwanamume, nitamsikiliza. Akisema kuwa kinathibitisha Budur alikuwa mtu wa namna fulani, nitamwambia kuwa Budur hakupata kuzaliwa. Msimulizi alitaka watu wasilale, akafanya hila ya kisa juu ya kisa.

Hapa lazima niseme jambo kwa uwazi. Kisa cha watu wa Nabii Lut alayhis salam si hekaya. Hicho kimo katika Qur'ani, na tendo walilokemewa ni haramu kwa itifaki ya wanavyuoni wetu wote. Mimi sina neno jipya juu ya hilo wala sitafuti. Lakini hata hapo pambanua. Qur'ani imewakemea pia kwa kukata njia, kwa kufanya maovu hadharani katika mikutano yao, na kwa kuwashambulia wageni wa Nabii wao mlangoni kwake. Ama yale mengine ambayo wasimulizi wameyatia, ya majina na hesabu za miji na vichekesho vya mahakimu wao, mengi ni ya vitabu vya visa vya Mitume kama cha Ath-Thaalabi aliyefariki mwaka 1035, na wanavyuoni wametutahadharisha na Israiliyati zilizomo. Mwenye kuhubiri kwa Israiliyati asimcheke mwenye kuandika kwa ngano.

Pili, nitatazama kama mwandishi anawakumbuka wasiokuwa na sauti. Vijana wengi waliosifiwa katika mashairi ya Baghdad walikuwa wanyweshaji wa vileo na watumwa wa majumba ya wakubwa. Mshairi ameacha diwani, na kijana aliyeimbwa hakuacha hata jina. Hakuulizwa kama amependa. Sisi watu wa pwani, ambao babu zetu walikuwa ama wenye kuuza watumwa ama wenye kuuzwa, hatuna udhuru wa kulipita jambo hili mbio. Kitabu kitakachoyaita yote hayo mapenzi bila ya kuuliza nani alikuwa bwana na nani alikuwa mali, kitakuwa kimepunja kipimo kama alivyopunja Lane.

Tatu, nitatazama kama mwandishi anayajua maneno. Na hapa, ndugu msomaji, nataka tukae kidogo, kwa sababu sisi wenyewe ndio wa mwanzo kuyachafua.

Katika Kiarabu yako maneno yanayotokana na shina moja lenye maana ya ulaini na kupinda. La kwanza ni khuntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayakubainika kuwa ni ya mwanamume au ya mwanamke. Huyu fiqhi yetu haikumcheka wala haikumfukuza. Soma Minhaj ya Imam Nawawi, utamkuta katika twahara, katika sala, katika ndoa na katika mirathi. Katika safu za sala nafasi yake ni baina ya wanaume na wanawake. Katika mirathi hupewa lililo yakini, na lenye shaka huwekwa mpaka hali yake ibainike. Wanavyuoni walikaa usiku na taa za mafuta wakimpigia hisabu mtu mmoja ambaye pengine hawakupata kumwona, ili haki yake isipotee. Huko ndiko kuitukuza sharia.

La pili ni mukhannath, yaani mwanamume ambaye maneno yake, sauti yake na mwendo wake hushabihi vya wanawake. Watu hao walikuwako Madina zama za Mtume s.a.w. Imo katika Sahihi Muslim kuwa mmoja wao alikuwa akiingia nyumbani kwa wake za Mtume, kwa kuhisabiwa katika wale wanaume wasiokuwa na haja ya wanawake waliotajwa katika Sura ya Nur. Alikatazwa kuingia pale aliposikika akilisifu umbo la binti mmoja wa Taif mbele ya wanaume. Sababu ya kukatazwa ilikuwa ni siri za wanawake kutolewa nje. Na Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amewagawa watu hao mafungu mawili: aliyeumbwa hivyo, huyu hana lawama, hana dhambi wala adhabu, kwa kuwa hakujifanya, na mwenye kujilazimisha, huyu ndiye aliyelaumiwa. Na katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kuwa aliletwa mbele ya Mtume mmoja wao aliyetia hina mikono na miguu, akahamishwa mji. Na walipouliza kama wamwue, Mtume akajibu kuwa amekatazwa kuwaua wenye kusali. Wanavyuoni wamezungumza juu ya sanad yake, lakini iko wapi sanad ya wale wanaotaka kupiga watu mawe njiani?

La tatu ni tendo lenyewe, nalo nimekwisha kulisema hukumu yake. Lakini tendo halithibiti kwa sauti wala kwa mwendo wa mtu, wala kwa namna anavyofunga kikoi.

Sisi Waswahili tumeyakusanya yote matatu, maumbile, tabia na tendo, tukayatia katika neno moja la hanithi, na tukalifanya tusi. Hata neno shoga, ambalo kwa mama zetu ni neno zuri la mwanamke kumwita rafiki yake wa moyoni, tumeligeuza kuwa jiwe la kumrushia mwanamume. Na kwa madhehebu yetu ya Kishafii, kumsingizia mtu tendo hilo bila ya mashahidi ni kadhfu, katika madhambi makubwa. Sura ya Nur imeweka viboko 80 kwa wenye kuwasingizia watu wenye kujihifadhi pasina mashahidi wanne. Lau hukumu hiyo ingesimamishwa leo kwenye mabaraza yetu, sijui ni migongo mingapi ingesalimika.

Nitakupa mfano. Nimepata kumsomesha kijana mmoja mwenye sauti laini na mwendo wa taratibu. Alikuja kwangu kutoka chuo kingine ambacho sitakitaja. Huko wenzake walikuwa wakimwita kwa neno hilo, na mwalimu akicheka pamoja nao. Alikuwa amefika juzuu ya 18, mtoto wa miaka 12, akaacha kusoma mwaka mzima, na kila jioni alikuwa akijificha kwenye banda la kuku ili asipelekwe chuoni. Mama yake ndiye aliyemleta kwangu akilia. Nikawaambia wanafunzi wangu: atakayemwita mwenzake kwa jina asilopewa na wazazi wake, yeye ndiye atakayeondoka. Wawili walijaribu, nikawarejesha kwao kwa wiki moja, na baba zao wakanijia juu. Niliwafungulia Sura ya Hujurat, pale tunapokatazwa kudharauliana, kuitana kwa majina mabaya, kudhaniana na kupelelezana, nikawaomba wanionyeshe pahala palipombagua mtu mwenye sauti laini. Hawakuwa na la kusema.

Kijana yule akahitimu. Leo ni mtu mzima, anashona makanzu, na kazi yake wanaijua hata watu wa miji mingine. Mama yake alipopata kiharusi alimwuguza kwa miaka mitatu, akimwogesha kwa kupitia kwa dada yake na kumlisha kwa mkono wake mwenyewe, mpaka akamzika. Wale waliokuwa wakimcheka, wengine mama zao wamekufa peke yao. Sijapata kumwuliza jambo ambalo Mwenyezi Mungu hakuniamrisha kuliuliza, wala sitamwuliza.

Basi khofu yangu si kitabu. Kitabu kitakuja, kitasomwa na wachache, na mwenye ilimu atatoa yaliyo kweli na kuyaacha yaliyo dhana. Khofu yangu ni yale yatakayozungumzwa kwenye vibaraza kabla hakijasomwa na baada ya kutosomwa. Watoto walio kama yule watasikia, na kila neno litatua juu yao, kwa sababu wao ndio walio karibu na mkono, na mwandishi yuko mbali ng'ambo ya bahari.

Kwa hivyo, mama uliyeniuliza, kitabu usikitupe. Ukikitupa utakuwa umemfundisha mwanao kuwa dini yetu inaogopa karatasi. Kaa naye, mkisome. Akikuonyesha kuwa jambo fulani lilikuwako Baghdad, mwambie kuwa ulevi pia ulikuwako Baghdad, na udhalimu ulikuwako, na elimu na taqwa vilikuwako. Kutokea kwa jambo hakulifanyi kuwa halali, na kuwa haramu kwa jambo hakukulifanyi kuwa halikutokea. Hayo ni mambo mawili, na mtoto mwenye akili atakufahamu. Usipoyafahamu yeye na wewe, mleteni kitabu hicho kwangu baada ya Alasiri, nami nitakisoma pamoja nanyi.

Na wewe mzee wangu, aibu uliyoiogopa haipo. Umma uliokuwa na nguvu ya kuandika mema yake na maovu yake kwa kalamu moja si umma wa kuona haya. Aibu ni kuwa na vitabu hivyo vyote makabatini, kisha tukangoja mtu wa mbali atuambie yaliyomo.

Namwomba Mwenyezi Mungu atupe ilimu yenye manufaa na ndimi zenye hadhari, atusitiri sisi na watoto wetu hapa duniani na kesho Akhera, na awasamehe waliotutangulia, akiwamo Al-Hasan bin Hani aliyetubu kwa maneno mazuri kama yale. Amin. Wabillahi tawfiq.